Kiziwi amefika dirishani kwako: namna ya kuwasiliana naye, hatua kwa hatua

Maswali ninayoulizwa hayabadiliki. Nesi anauliza, "Nikimwandikia si inatosha?" Wakala wa fedha za simu anauliza kama apaze sauti. Mwalimu wa madrasa anauliza mtoto akae wapi. Dereva wa bajaji anataka kujua atamwitaje abiria ambaye hageuki akiitwa. Nimekuwa nikimjibu mmoja mmoja kwa miaka. Sasa nayaandika majibu yote mahali pamoja.

Mimi ni mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania, LAT. Ukalimani niliusomea ukubwani, lakini mikono yangu ilianza kuzungumza kabla sijaanza shule, kwa sababu dada yangu mkubwa ni kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilimwondolea usikivu akiwa na miaka minne. Mengi utakayosoma hapa nimeyaona nikiwa nimesimama pembeni yake.

Mwongozo huu ni wa mtu asiyejua alama hata moja. Hautakufanya mkalimani. Utakuwezesha kumhudumia mtu leo hii, naye aondoke na kile alichokifuata.

Kwanza neno lenyewe, kisha mtu mwenyewe

Sema "kiziwi". Wengi wanaliogopa neno hili wakidhani ni tusi, wanazunguka na "yule mwenye matatizo ya kusikia". Viziwi wenyewe wanalitumia. Chama chao cha kitaifa kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Neno la kuacha kabisa ni "bubu". Kiziwi ana sauti: anacheka, analia, wengine wanaitana na watoto wao kwa sauti. Na ana lugha. Usidhani ukilisema kwa chini halimfiki. Dada yangu ameitwa hivyo mara nyingi kiasi kwamba analitambua kwenye uso wa mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Viziwi hawafanani. Aliyezaliwa kiziwi, au aliyepoteza usikivu utotoni na akasoma shule ya viziwi, lugha yake ya kwanza mara nyingi ni ya alama. Kiswahili kwake ni lugha ya pili, tena lugha ambayo hajawahi kuisikia. Mzee ambaye masikio yamekuwa mazito uzeeni ni kinyume chake: Kiswahili anakijua kuliko wewe, ila alama hajui hata moja. Yupo mwenye usikivu hafifu, pengine amevaa shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni. Na yupo aliyekulia kijijini bila shule, anayetumia ishara za nyumbani kwao peke yake. Hatua za hapa chini zinawafaa wote. Pale zinapotofautiana, nitasema.

Vitu vya kuandaa

Weka hivi karibu na meza yako tangu leo, usisubiri mtu afike ndipo uanze kutafuta:

- Daftari na kalamu yenye wino mweusi unaoonekana. Vipande vya karatasi vinapotea, na mazungumzo yanapotea navyo.
- Simu yenye chaji, iliyowashwa sehemu ya kuandika kwa sauti. Kibodi ya Google inapokea Kiswahili tangu mwaka 2017.
- Kalenda kubwa ya ukutani yenye tarehe zinazosomeka, na saa ya mishale.
- Orodha ya bei au ya huduma, iliyoandikwa au yenye picha, ambayo mteja anaweza kuinyooshea kidole.
- Namba ya mkalimani mmoja au wawili. Ofisi ya CHAVITA ya mkoa wako ndiyo mahali pa kwanza pa kuulizia.
- Muda. Mteja anayekuchukua dakika tano, huyu mpe kumi. Waambie walio kwenye foleni kwa upole kwamba huduma hii itachukua muda kidogo zaidi, ili macho yao yasimkimbize.

Hatua zenyewe

1. Pata macho yake kwanza. Usianze kusema kabla hajakutazama. Kama yuko mbele yako, punga mkono taratibu chini ya usawa wa uso wake. Kama amekupa mgongo na yuko karibu, mguse begani mara moja au mbili, kwa kiganja, kama unavyomgusa mtu unayemheshimu. Ndani ya chumba unaweza kuzima na kuwasha taa mara moja. Kwenye meza, gonga meza. Mtikisiko utamfikia mikononi. Kupiga mguu chini kunafaa kwenye sakafu ya mbao, ila nyumba zetu nyingi ni za saruji na saruji haipitishi kitu.

Angalizo: usimrushie kitu, usimvute nguo, usimshike kidevu kumgeuza uso. Nimeona watu wazima wenye heshima zao wakigeuzwa kidevu kama watoto.

2. Panga mwanga. Hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Ukikaa na dirisha nyuma yako, uso wako kwake ni kivuli cheusi. Geuza kiti. Mwanga uuangukie uso wako, yeye akae mwanga ukiwa mgongoni mwake. Simama kwa umbali wa mita moja au mbili, aweze kukuona uso na mikono kwa pamoja. Kama kazi yako ni nyuma ya kioo chenye tundu dogo, toka nje ya kioo, au mkaribishe pembeni.

Vua barakoa kama hali ya kiafya inaruhusu. Mdomo mtupu: bigijii, kijiti cha meno na kalamu viweke kando. Dada anayevaa nikabu hana haja ya kuivua. Aende moja kwa moja hatua ya tano na ya sita, au amwite mwenzake ambaye uso wake uko wazi.

3. Muulize anataka njia gani. Nyooshea kidole kalamu, kisha mdomo wako, kisha mikono, huku uso wako ukiuliza. Atachagua. Wapo wanaotaka kuandikiwa tu, wapo wanaosoma midomo vizuri, wapo watakaotoa simu na kuanza kuchapa wenyewe kabla hujamaliza kuuliza. Mfuate yeye. Amekuwa kiziwi muda mrefu kuliko ulivyokuwa wewe ukimhudumia, na anajua kinachofanya kazi.

4. Ukisema, sema kawaida. Sauti ya kawaida, mwendo wa kawaida au wa polepole kidogo, sentensi nzima. Kupaza sauti kunaukunja uso wako, naye anaona mtu aliyekasirika. Kutamka silabi moja moja kama unamfundisha mtoto kusoma kunaharibu umbo la maneno midomoni. Usigeuke kuangalia kompyuta huku unaendelea kusema. Maliza, geuka, fanya kazi yako, rudisha uso, endelea.

Usitegemee midomo peke yake. Simama mbele ya kioo sasa hivi, bila kutoa sauti, utamke "baba", "mama", "papa". Umeona? Ni umbo moja. Jaribu "bia", "mia", "pia". Jaribu "pili" na "bili". P, B na M zote zinafumba midomo kwa namna ileile, na sauti kama K, G na NG' zinatokea nyuma ya mdomo ambako hakuna jicho linalofika. Anayesoma midomo anaona sehemu tu ya maneno, mengine anakisia kwa kuangalia mada na uso. Ndiyo maana ukibadili mada ghafla unampoteza. Mtajie mada kwanza, ikiwezekana kwa kuiandika neno moja juu ya ukurasa: DAWA. MKOPO. ADA YA SHULE. Halafu ndipo ueleze.

Kwa mzee mzito wa masikio hatua hii ndiyo kubwa kuliko zote. Muulize sikio lipi linasikia nafuu, kaa upande huo, zima redio na feni inayovuma, sema kwa sauti nzito iliyotulia. Akikuambia "sikusikia", badilisha maneno. Kurudia neno lilelile mara nne kwa sauti inayopanda hakujawahi kumsaidia mzee yeyote ninayemjua.

5. Tumia mikono, vitu na uso. Hujui LAT, lakini unajua kuonyesha kula, kulala, kuumwa tumbo, pesa, kuondoka, kungoja. Fanya bila aibu. Nyooshea kidole kitu chenyewe, na usione ni utovu wa adabu: kwa viziwi kunyoosha kidole ni sehemu ya lugha. Uso wako ufanye kazi. Katika lugha ya alama nyusi na macho vinabeba swali, mashaka na mkazo, kama kiimbo kinavyobeba kwenye sauti. Mtu anayeuliza swali huku uso umekaa kama ukuta hajauliza.

6. Andika kwa Kiswahili kifupi. Hapa nikae kidogo, maana hili la "si nimwandikie tu" ndilo swali namba moja.

Kiswahili kinabandika mambo mengi kwenye kitenzi kimoja. "Nisingalimwambia" ni neno moja lenye mtenda, mtendwa, wakati, sharti na kukanusha. Wewe umelipata kwa kulisikia tangu ukiwa mgongoni mwa mama. LAT inapanga mambo hayo kwa njia nyingine kabisa, kwa nafasi, mwelekeo wa mkono na uso. Kwa hiyo kiziwi aliyesoma mpaka kidato cha nne, mwenye akili zake timamu, anaweza kukuandikia sentensi inayoonekana imevunjika, "Mimi jana hospitali kwenda dawa hakuna". Usimcheke na usimsahihishe. Amekuandikia kwa lugha ya pili, na umeelewa.

Andika hivi:

Badala ya "Usipopata nafuu usiache kurudi baada ya siku tatu", andika: "Siku 3 bado unaumwa? Rudi hapa."

Badala ya "Fomu isiyogongwa mhuri haitapokelewa", andika: "Fomu peleka serikali ya mtaa. Piga mhuri. Halafu leta hapa."

Jambo moja, mstari mmoja. Epuka kukanusha mara mbili ndani ya sentensi moja. Epuka methali na mafumbo. "Haraka haraka haina baraka" kwenye dirisha la benki itamchanganya tu. Na usimpe karatasi kisha ukaanza kusema huku anasoma, kwa sababu macho yake hayawezi kuwa kwenye karatasi na usoni pako kwa pamoja. Mwache asome, ainue uso, ndipo uendelee.

Kama hajui kusoma, chora. Hata mchoro mbaya unafaa.

7. Namba, tarehe na saa ziandike daima, hata kama mengine mnaelewana. "Mia" na "bia" umeshaona. Pesa ziandike kwa tarakimu, 15,000, umwonyeshe kwenye kikokotoo. Tarehe mwonyeshe kwenye kalenda kwa kidole, kisha iandike.

Saa ina mtego wake. Ukimwandikia "saa 2", simu yake inasema 8:00. Mtu anayesikia anajua kwa mazoea kwamba ni asubuhi ileile. Kiziwi ambaye saa yake ni ya simu anaweza kufika saa nane mchana, ambayo simu inaiita 2:00. Andika yote mawili: "saa 2 asubuhi, 8:00", na uchore duara la saa na mishale yake.

Dawa nazo. Alama ya 1×3 kwenye bahasha ya dawa inaeleweka kwa aliyeelezwa kwa mdomo. Chora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, chini ya kila kimoja uchore idadi ya vidonge. Kama ni baada ya kula, chora sahani juu yake. Itakuchukua dakika moja.

8. Usiulize "umeelewa?" Kama utasahau yote, hili lishike.

Niliwahi kumsindikiza dada yangu kwenye zahanati fulani, nikiwa bado mwanafunzi. Aliniomba nibaki nje, ni mtu mzima, ana siri zake. Akatoka na bahasha iliyoandikwa 2×1. Mtoa dawa alikuwa ameeleza kwa mdomo, akamuuliza kwa kidole gumba kama ameelewa, dada akaitikia kwa kichwa. Nyumbani akameza kimoja asubuhi na kimoja usiku, badala ya viwili kwa mkupuo. Nilipomuuliza kwa nini aliitikia, alinijibu kwa alama ambazo mpaka leo naziona: watu waliokuwa kwenye foleni nyuma yake nyuso zao zilikuwa zimekunjamana, mtoa dawa alikuwa ameshamtazama mtu anayefuata, naye alikuwa amechoka. Akaitikia ili amalize.

Viziwi wanaitikia hivyo kila siku, kwenye benki, kwenye daladala, kwa wakwe. Kuitikia kwa kichwa mara nyingi maana yake ni "nakuona unasema", au "naomba hili liishe". Kwa hiyo mrudishie zamu ili yeye ndiye akueleze. Muulize swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa kichwa: "Utameza vingapi? Lini?" "Unarudi tarehe gani?" "Pesa utampa nani?" Mpe kalamu aandike, au akuonyeshe kwa vidole. Akikosea, jilaumu wewe: piga kifua chako kidogo, onyesha kwamba hukueleza vizuri, anza upya kwa njia nyingine. Hapo ataona kuwa kusema "sijaelewa" si kosa kwako, na mara ijayo atakuambia mwenyewe.

Geuza pia upande wa pili. Wewe usipomwelewa yeye, usijifanye umeelewa. Mwombe arudie, au aandike. Mtu aliyezoea kuitikia uongo anaujua uongo huo akiuona kwa mwingine.

9. Akija na mkalimani, zungumza na kiziwi. Macho yako kwa kiziwi, maneno yako kwa kiziwi: "Unaumwa wapi?" Usiseme "Muulize anaumwa wapi". Mkalimani akae pembeni yako au nyuma yako kidogo, ili kiziwi awaone nyote wawili kwa mtazamo mmoja. Utaona kiziwi anamtazama mkalimani wakati wewe unasema. Hajakudharau, ndiko sauti yako inakotokea.

Mkalimani yuko nyuma yako kwa sentensi moja au zaidi, kwa hiyo ukiuliza swali subiri. Chochote utakachosema atakitafsiri, hata kile ulichomnong'oneza mwenzako. Usimwombe maoni yake, "Huyu kwani ana nini hasa?" Mimi sijibu maswali hayo, namgeuzia mwenyewe. Shughuli ikizidi saa moja tafuta wakalimani wawili wapokezane, kwa sababu mikono na akili vinachoka na makosa yanaanza kuingia. Mlipe, na mtumie mada mapema. Kwa mahakama, hospitali na mkataba wowote wa kusaini, mkalimani aliyesomea ndiye anayefaa, si jirani anayejua alama chache.

10. Kwenye kundi, mtu mmoja aseme kwa wakati. Kikao, darasa, kanisa, baraza la harusi: panga viti kwa mduara au nusu duara, kila anayetaka kusema anyooshe mkono kwanza ili kiziwi apate nafasi ya kugeuza macho. Andika ajenda ubaoni. Ukitaka kumpongeza mwenzako kiziwi mbele za watu, inueni mikono juu na kuitikisa. Ndivyo viziwi wanavyopiga makofi.

Lakini mahali pagumu kuliko kikao ni sebuleni kwenu. Watoto wengi viziwi wanazaliwa na wazazi wanaosikia, na nyumba nzima inabaki na alama za chakula, choo na njoo. Jioni watu wamekaa mkekani, mjomba anasimulia, kila mtu anacheka mpaka machozi. Kiziwi anacheka pia, kwa sababu nyuso zinacheka. Kisha anamgusa mtu aliye karibu: nini? Anajibiwa, "Nitakuambia baadaye." Baadaye haifiki. Au anaambiwa, "Si kitu." Dada yangu aliambiwa "si kitu" miaka yote ya utoto wetu, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakimwambia. Kama huwezi kufanya kitu kingine chochote nyumbani kwako, acha maneno hayo mawili. Mweleze wakati huohuo, hata kwa ufupi, hata kama utani utapoa. Mjomba atasubiri.

11. Jifunze alama chache, kutoka kwa kiziwi mwenyewe. Sitakueleza alama kwa maandishi, utajifunza vibaya. Mwombe mteja wako, jirani au mwenzako kazini akufundishe salamu, asante, samahani, subiri, rudia, pesa, kesho, na jina la kazi yako. Anza pia na herufi za vidole, ujue kuandika jina lako hewani. Kadhaa kama C, L na V zinafanana na umbo la herufi yenyewe, hazitakusumbua. Wengi watafurahi kukufundisha. Jina la alama, lile linalotokana na tabia au sura yako, usijipe mwenyewe. Viziwi watakupa wakishakuzoea.

Jua pia kwamba lugha ya alama si moja duniani. Ya Kenya ni lugha nyingine na ya Uganda nyingine. Wakenya wameiweka yao kwenye Katiba ya 2010, ambapo ni miongoni mwa lugha tatu rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Hata ndani ya Tanzania utakuta tofauti. Shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, ya Buguruni Dar es Salaam ikaanza 1974, na watoto walitengeneza alama nyingi shuleni kwao. Ukifundishwa alama mbili tofauti za neno moja, zote ni sahihi.

Simu

Usimpigie, mtumie ujumbe. Linaonekana dogo, lakini kila wiki kuna mzigo unarudishwa kwa sababu msafirishaji "alipiga simu haikupokelewa". Ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp usimtumie kabisa. Kwa fomu za kazi, weka sehemu ya kuandika "ujumbe tu".

Simu ya video ndiyo simu ya kweli ya kiziwi. Iegemeze mahali, usiishike, ili yeye aone mikono yako na kifua. Nyuma yako pawe pametulia, bila pazia la maua mengi. Mtandao ukiwa hafifu alama zinakatika vipande, hapo rudini kwenye maandishi.

Programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi inasaidia kwa mazungumzo mafupi. Soma ilichoandika kabla ya kumwonyesha. Majina ya watu, ya dawa na namba inakosea sana.

Ikikwama

*Ameanza kutoa sauti kubwa, watu wanageuka.* Hasikii ukubwa wa sauti yake, na pengine hana hasira yoyote. Usimtulize kwa kumshika. Endelea kumtazama na kumhudumia. Kama kweli amekasirika, uso wake utakuambia, na huenda sababu yake ni nzuri.

*Ana shimesikio lakini hasikii.* Kifaa kile kinakuza sauti zote, pamoja na feni na kelele za barabarani. Wapo pia waliopandikizwa kifaa ndani ya sikio, upasuaji ambao Muhimbili ilianza kuufanya mwaka 2017. Hao nao wanahitaji uso wako, utulivu na nafasi. Nendeni kwenye chumba kisicho na kelele.

*Amekuja na mtoto wake wa miaka tisa amtafsirie.* Kwa bei ya nyanya, sawa. Kwa vipimo vya VVU, ujauzito, deni au mashtaka, hapana. Mtoto hapaswi kubeba habari hizo, na mzazi hawezi kusema ukweli mbele yake. Mpe mtoto kiti nje, tumia maandishi na michoro huku ukitafuta mkalimani, hata kwa simu ya video.

*Ndugu aliyemsindikiza anajibu kila kitu kwa niaba yake.* Mshukuru ndugu, kisha rudisha macho na swali kwa kiziwi. Fanya hivyo mara tatu, ndugu atanyamaza.

*Mkubwa wangu anasema mkalimani ni gharama.* Mwonyeshe Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mwonyeshe pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 21 inazitaja lugha za alama kwa jina. Kisha mwambie mgonjwa aliyerudi kwa kumeza dawa vibaya anagharimu kiasi gani.

*Hajui LAT, hajui kusoma, na wewe huna mkalimani.* Hapa ndipo pagumu kweli. Tumia vitu halisi, picha za kwenye simu, kuigiza. Tafuta mtu wa nyumbani kwao anayejua ishara zao, na kama unaweza mpate kiziwi mwingine anayejua LAT. Viziwi wawili wasiofahamiana wanaelewana haraka kuliko wewe na yeyote kati yao. Nimeliona hili mahakamani na hospitalini, na kila mara nashangaa upya.

*Askari au mlinzi amesimamisha mtu, hakusimama.* Zunguka umtokee mbele, inua kiganja. Akipeleka mkono kwenye sikio lake, anakuambia ni kiziwi. Akiingiza mkono mfukoni polepole, huenda anatoa kitambulisho au simu ya kuandikia. Usimfunge pingu za mgongoni kabla hamjaelewana, kwa sababu hapo umemfunga mdomo.

*Haoni pia.* Wapo viziwi wasioona. Mguse mkono taratibu, uuache hapo mpaka ajue upo, kisha mwache aongoze; wengi wana mtu wanayemtegemea, na wengine wanapokea alama kwa kushika mikono yako.

*Umeme umekatika katikati ya mazungumzo.* Usiondoke kimya kwenda kutafuta mshumaa. Gizani hakuoni wala hakusikii, hajui kama bado upo. Mguse mkono kwanza. Kisha washa tochi ya simu na uielekeze usoni pako na mikononi mwako, si machoni kwake, muendelee pale mlipoishia.